Mjukuu Wangu, Yaulize Maji Kwanza

Mjukuu wangu, umenijia na habari ya ule ubao wa kusimamia majini ukipiga kafi pale Kongo, Diani, unataka ruhusa. Ruhusa nimekupa. Ila keti kwanza, maana mwaka jana niliupanda mwenyewe mbele ya vijana wa ufukweni, na mpaka leo nikipita wananiita nahodha, kisha wanacheka.

Nilijiona mjuzi. Miaka mingapi nimesimama nikisukuma mtumbwi kwa pondo kule mikokoni? Nikaukwea ubao maji yakiwa hayajapita kifundo. Kumbe chini yake, kwa nyuma, pana pezi. Pezi likagota mchanga, ubao ukasimama, mimi nikaendelea na safari. Wewe usipande mpaka maji yafike magotini.

Panda kwa magoti, piga kafi hivyo hivyo mpaka uuzoee ubao. Kisha inua mguu mmoja, halafu wa pili, mshikio wa katikati ya ubao uwe baina ya nyayo zako. Magoti yalegee. Macho yatazame mbali, kwenye mikoko. Ukitazama vidole vyako utavifuata majini. Na bapa la kafi lina kimkunjo kidogo: kielekee mbele. Mimi nililishika kinyume nusu saa nzima, wala hakuna aliyeniambia.

Utasikia mchezo huu umetoka Hawaii, na ni kweli. Vijana wa ufukwe wa Waikiki walisimama hivyo karne iliyopita, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watelezaji mawimbi Laird Hamilton na Dave Kalama wakaupa umaarufu. Lakini mtu kusimama juu ya maji ameshika mti si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba pondo hugota chini, ukaliegemea. Kafi halina pa kugota. Likiwa ndani ya maji na unavuta, hukutuliza. Ukiliinua juu kwa hofu, ndipo unapoanguka. Basi ukiyumba, piga kafi. Ukishindwa, anguka kando ya ubao, bapa kama mkeka, usitangulize kichwa wala miguu, kwani maji yale ni mafupi na chaza wa mikokoni hukata kama wembe.

Hayo yote utayajua kwa asubuhi moja. Linalonitia wasiwasi ni maji yenyewe. Pale Kongo, Mto Mwachema unapokutana na bahari, maji yakijaa huingia mtoni taratibu, yakakubeba mpaka ndani ya mikoko bila jasho. Yakianza kupwa, mlango ule ule huvuta kuelekea nje. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo hupita pale. Mgeni wa ubao ajifunze siku za maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, aingie kabla hayajajaa, atoke kabla hayajashika kasi ya kupwa.

Upepo nao. Ukivuma kutoka nchi kavu, karibu na ufukwe maji hulala kama mafuta, ukadhani ni shwari. Ukifika mbali, hutarudi. Anza safari kwa kuukabili, ili ukichoka ukurudishe. Ukikuzidi, piga magoti. Ukizidi tena, lala kifudifudi upige mikono. Ubao usiuache hata kwa dhahabu, ndio unaokuelesha. Ile kamba ya kukufunga nao, mtoni usiifunge mguuni: inaweza kunasa kwenye mizizi, nawe hutaifikia mkondo ukikuvuta. Omba ya kiunoni, inayofunguka kwa kuvutwa mara moja. Wenye ubao wasipokuwa nayo, tutabaki ufukweni tunywe madafu. Jaketi la kuelea utavaa, hata wenzako wakikucheka. Mimi wamenicheka, na nimerudi nyumbani.

Jumamosi ni maji mafu, yanajaa saa nne asubuhi. Njoo saa tatu kasoro, na kofia.