Siwezi Kuombea Hilo



Vijana wenzangu, mwaka jana mdogo wangu alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza. Nyumbani vigelegele! Kisha ikaja habari ya viza. Kwa kawaida Uingereza humtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe kuwa pesa ya ada na ya kujikimu imekaa benki siku 28 mfululizo. Sisi hatukuwa nayo yote.

Mtu mmoja akamwambia, "Taarifa ya benki inatengenezwa tu, kesho unayo." Mdogo wangu akanipigia simu: "Kaka, wewe ni frateri. Niombee ipite."

Nikanyamaza. Kusema kweli, nilitamani aende. Falsafa yangu yote ilishaanza kutafuta visingizio. Lakini nitamwombaje Mungu wa kweli abariki karatasi ya uongo? Katika Injili ya Luka, Yesu anasema anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Hakusema aghushi hesabu! Na ukikamatwa na nyaraka za kughushi, nchi ile inaweza kukufungia mlango miaka 10.

Nikamjibu, "Siwezi kuombea hilo. Nitakuombea subira." Akakata simu. Wiki mbili hatukuongea.

Baadaye aliomba chuo kimwahirishie mwaka mmoja. Sasa anadunduliza. Bado hajaondoka, lakini analala usingizi.

Wewe unayejaza fomu usiku huu: omba, andika ukweli, ngoja.

Ee Bwana, utujalie moyo usioogopa kuulizwa. Amina.