Je, Kura Ni Malipo ya Wema?

Mwezi wa Oktoba 2024 mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Wenye simu humu kambini mnaelewa: ujumbe wa dakika moja ni salamu, wa dakika tatu ni shida ya hela, wa dakika kumi na moja ni jambo. Nikatoka nao mpaka chini ya mwembe, nyuma ya kanisa, maana nyumbani watoto wanasikiliza kila kitu.

"Yaya," alisema, "ule muzee wangu anagombea ubunge. Na mimi sasa niko na kura. Nifanye namna gani?"

Niwaeleze huyo muzee ni nani. Ni mkulima wa Nebraska, Marekani, mzungu, umri kama wa marehemu baba yetu. Analima mahindi na soya na anafuga ng'ombe wa nyama. Mdogo wangu aliondoka Nyarugusu mwaka 2016, wakati ule Wakongomani wengi walikuwa wanaitwa, mabasi yanajaa. Kazi yake ya kwanza huko ilikuwa machinjioni, kisu mkononi usiku kucha, mpaka vidole vikawa havifungi tena. Kanisani ndiko alikokutana na huyo bwana. Baridi ya kwanza bwana alimletea kitanda, meza, na makoti ya watoto wake waliokwisha kukua. Alimfundisha kuendesha gari kwenye njia za shambani, kwa pikapu bovu. Baadaye akampa kazi. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alimpa trekta.

Na huyu huyu bwana ni mhafidhina, tena hafichi. Karatasi zake za kampeni mdogo wangu alinisomea moja baada ya nyingine: kodi ya ardhi ishuke, bunduki za watu ziachwe, mimba zilindwe, mpaka ufungwe, tutunze wetu kwanza. Mimi nikiwa chini ya mwembe, faili langu na la mke wangu na watoto likiwa mezani kwa wakubwa likingoja tarehe ya ndege, najiuliza: hao "wetu" nami nimo?

Kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya hilo bunge, maana hata mimi nilikuwa nachanganya. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na lile la Washington. La Nebraska ni la pekee. Majimbo mengine yote yana mabaraza mawili. Nebraska, tangu 1937, lina moja tu, lenye watu 49, nao wanaitwa maseneta. Karatasi ya kura ya kiti hicho haionyeshi chama cha mgombea. Mshahara ni dola 12,000 kwa mwaka, haujapanda tangu 1988. Wananchi walipoulizwa mwaka 2012 kama uongezwe, walikataa. Kwa dola hizo Marekani huwezi kulisha familia, kwa hiyo anayegombea ni mwenye shamba, mwenye biashara au mstaafu. Vikao vinaanza Januari, shamba likiwa limelala chini ya theluji. Kila seneta anasimama kwa ajili ya watu kama 40,000. Nilipiga hesabu: sisi wa Nyarugusu, zaidi ya laki moja, tungepata maseneta wawili, kama si watatu. Nilicheka peke yangu.

Sasa swali la mdogo wangu. Kwetu mtu aliyekuvika koti wakati wa baridi humrudishii mgongo. Hilo halina mjadala. Lakini kura ni kitu cha kurudishia koti?

Hapa naomba niseme jambo langu la aibu. Niliwahi kuwa kiongozi wa watu humu. Mwaka mmoja, mvua zikiwa kali, nilikuwa na maturubai machache ya kugawa kwa waliovujiwa. Akaja rafiki yangu. Nyumba yake haikuvuja. Ila ni yeye aliyembeba mwanangu kwa baiskeli usiku mpaka hospitali, mtoto akiwa ameshageuza macho. Hakusema neno juu ya usiku ule. Alisimama tu. Nikampa. Bibi mmoja wa safu ya mwisho akalala na maji mpaka mgao uliofuata. Nililipa deni langu kwa turubai la bibi yule. Kwa miaka mingi niliita jambo hilo shukrani.

Kura naiona hivyo hivyo. Iko mkononi mwangu, lakini itaangukia vichwa vya wengine: watoto wasio na kura, wafungwa, yule wa machinjioni asiye na karatasi. Siwezi kumlipa mtu wangu kwa ghala la kijiji. Basi nikawa tayari kumjibu mdogo wangu: usimpe. Simu nilishaishika. Nikasita, maana niligundua kwamba nilitaka asimpe kwa sababu nyingine kabisa, sababu ya faili langu. Na hiyo nayo ni turubai.

Kuna Mwairishi mmoja wa zamani, Edmund Burke, ambaye wahafidhina wengi humhesabu kama babu yao. Naye alikuwa na shamba. Mwaka 1774 aliwaambia wapiga kura wa Bristol, Uingereza, kwamba mbunge hawapi watu wake jasho tu, anawapa na akili yake, na akiitupa akili hiyo ili awafurahishe, amewasaliti. Maneno mazuri. Mwaka 1780 aliona wazi kuwa Bristol hawatamchagua tena, akajitoa. Mwalimu aliyenisimulia habari hizi alikuwa anacheka alipofika hapo.

Nebraska nako yalitokea ya namna hiyo. Ernie Chambers, seneta mweusi wa Omaha, aliyeingia bungeni mara ya kwanza kwa uchaguzi wa 1970, alipigania kufuta adhabu ya kifo kwa miaka karibu arobaini. Analeta muswada, unaanguka, analeta tena. Mwezi wa Mei 2015 wahafidhina kadhaa, watu wa mashamba na makanisa, walisimama upande wake. Baadhi walisema serikali ambayo hatuiamini kwa pesa zetu, tutaiaminije kwa roho za watu? Gavana alipinga. Bunge likampiku kwa kura 30 dhidi ya 19, na zilizohitajika ni 30 kamili. Mwaka uliofuata wananchi wenyewe wakaenda kwenye sanduku na kuirudisha adhabu ile, watu kama 61 katika kila 100. Nani alikuwa mwakilishi wa kweli hapo, aliyefuata dhamiri au ambaye angefuata wengi? Mimi nasimama na wale 30. Lakini najua ni rahisi kusimama nao nikiwa Kigoma, sina mtu wa kuninyima kiti.

Ule mwezi wa Mei 2015 tunaukumbuka pia kwa jambo letu. Warundi walikuwa wanafika. Maelfu walikwama Kagunga, ufukweni, kipindupindu kikawaingia, meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma, na kutoka hapo mabasi mpaka kwetu. Shule zilijaa watu, makanisa yakajaa. Foleni ya bombani ilikuwa inaanza usiku. Uliitishwa mkutano tuulizwe kama uwanja wetu wa mpira utumike kwa mahema. Nilisimama. Nikasema hapana. Nikasema tuko hapa tangu 1996, maji hayatutoshi sisi wenyewe, kuni zimeisha, watoto wetu hawasomi, watunzwe na waliowaleta. Nilipigiwa makofi, na makofi ya watu wako ni kama pombe, yanapanda taratibu. Tena mniamini, sikusema uongo. Maji kweli hayakutosha.

Lakini jikoni kwangu, siku ile ile, alikuwa amelala mama mmoja wa Kirundi na watoto watatu. Mke wangu aliwaingiza siku mbili kabla. Mimi mwenyewe niliwabebea maji, ndoo mbili, asubuhi ya mkutano. Nilitoka kwenye makofi nikaja kula nao bugali na sombe katika sinia moja, na moyo wangu haukunigonga hata kidogo. Mpaka yule mama aliponiuliza, kwa heshima, macho chini: "Mkutano ulisemaje, baba?"

Nikasema, "Mambo ya maji tu, mama."

Ule uongo ndio ulionionyesha. Kama maneno yangu ya mkutanoni yalikuwa ya haki, mbona sikuweza kuyarudia mbele ya sinia?

Kwa hiyo huyo mkulima wa Nebraska siwezi kumwita mnafiki haraka hivyo. Watu husema ukipenda wa karibu na kumkataa wa mbali, basi hata huyo wa karibu humpendi. Si kweli. Nilimpenda yule mama. Ningegombana na mtu kwa ajili yake. Wahafidhina wana jambo la kweli wanaposema upendo huanzia mlangoni. Mwenye kupenda dunia nzima mara nyingi hajui jina la jirani yake. (Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, msinune, nanyi mnayajua haya. Kuna mtu anaandika ripoti nzuri juu ya wenye mahitaji maalumu, na mlinzi wa lango lake hajawahi kumsalimia.) Shida inakuja mtu wa mlangoni anapotaka kwenda bungeni. Sheria haina macho. Haitamwona mdogo wangu na koti lake, itaona namba. Ndiyo maana anayeitunga anapaswa kuwaona watu asiowahi kukutana nao, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, hailingani na ile ya kupeleka kitanda. Mtu anaweza kuwa hodari wa moja na kiziwi wa nyingine. Mimi nilikuwa hivyo.

Nilimjibu usiku. Nikamwambia: "Mdogo wangu, usimpe kura kwa sababu ya koti. Na usimnyime kwa sababu yangu. Nenda mezani kwake, mkiwa mnakula, umwulize yale ya mkutanoni. Mwambie una kaka kambini, una shemeji, kuna watoto. Halafu sikiliza kama atakwambia ni mambo ya maji."

Alienda. Alinisimulia kwa ujumbe wa dakika saba. Bwana aliacha kutafuna. Akasema atayasema mezani yale yale anayoyasema jukwaani: nchi haiwezi kupokea kila mtu, na watu wake wamechoka. Akaongeza kwamba nani aingie nchini na nani asiingie ni mambo ya Washington, bunge la jimbo haliamui, naye hawezi kumdanganya ili apate kura yake. Mke wake aliinuka akaenda kusimama dirishani. Kisha bwana akauliza: "Kaka yako analima nini?"

Mdogo wangu akamjibu kuwa Fizi tulikuwa na mihogo, karanga, na michikichi ya baba. Hapa kaka ana bustani ya mchicha pembeni ya nyumba, shamba hana.

"Hana shamba kivipi?"

Akamweleza kambi ilivyo, kwamba kutoka ni kwa kibali na kulima nje haturuhusiwi. Sisemi haya kuwasema wenyeji wetu, waliotupokea wakati wengine walifunga. Nasimulia tu kilichoulizwa. Anasema bwana alirudia swali mara tatu, kama mtu aliyeambiwa kuna samaki anaishi juu ya mti.

Kiti kile mdogo wangu alimpa kura. Akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa: "Yaya, hakunidanganya." Karatasi ile ilikuwa na nafasi nyingine, mpaka ya rais. Hizo sikumuuliza, na sitamuuliza.

Bwana alishinda. Aliapishwa Januari 2025. Mwezi huo huo, sisi tumeshapima afya, mke wangu ameshagawa masufuria, amri ikatoka Washington, na kuanzia tarehe 27 mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa. Masufuria mengine majirani waliyarudisha, mengine hapana, na sikulaumu.

Nilikuwa na hasira na yule mkulima wiki nzima. Najua si yeye aliyesaini. Lakini amri kama hiyo haioti yenyewe. Inasaini mtu aliyesikia makofi, na bwana huyu alikuwa mmoja wa waliofundisha watu lini wapige makofi. Hapo ndipo hasira yangu inapofika uwanja wa mpira wa 2015 na kukaa chini. Wale Warundi hatimaye wengi walihamishiwa Nduta na Mtendeli. Yule mama simjui alipo. Sikuwahi kumwambia nilisema nini.

Mwezi wa pili mdogo wangu alinitumia picha. Ndama mchanga, bado ana majimaji, amelala kwenye sakafu ya pikapu, amefunikwa koti. Huo ni msimu wa ng'ombe kuzaa, na bosi wake yuko Lincoln bungeni wiki nzima, kwa hiyo ni yeye anayeamka saa nane za usiku kwenye theluji kuwavuta ndama. Mtoto wa Fizi, ambaye kwetu ng'ombe tulimwona sokoni. Nilimwambia, basi Nebraska inapata seneta wake kwa sababu wewe hulali. Alicheka sana.

Kisha akasema muzee ameuliza tena habari zangu. Anataka kujua huo mchicha naumwagilia kwa maji gani.