Jiwe la Desemba na Deni la Zawadi

Katika nchi za Magharibi ipo desturi ya kumzawadia mtu pambo lenye jiwe la mwezi aliozaliwa. Wa Januari hupewa garneti, wa Mei zumaridi, wa Julai yakuti nyekundu, na wa Desemba feruzi. Husemwa kwamba jiwe hilo humletea mwenyewe heri na kumkinga na shari. Tangu mwaka 2002, mzaliwa wa Desemba aweza pia kupewa tanzanaiti, jiwe lichimbwalo Mererani, katika wilaya ya Simanjiro. Kwa hiyo desturi hii ya mbali imeugusa udongo wetu, nasi hatuna budi kuipima.

Waitetezi wake huiita desturi ya kale. Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za kifuko cha kifuani cha Haruni, kilichopambwa kwa mawe kumi na mawili, na kila jiwe liliwakilisha kabila moja la Israeli. Katika karne ya kwanza, mwanahistoria Josephus aliyahusisha mawe hayo na miezi kumi na miwili. Lakini kuvaa jiwe la mwezi wa kuzaliwa ni jambo jingine. George Frederick Kunz, bingwa wa elimu ya vito, aliandika mwaka 1913 kwamba mazoea hayo yaelekea kuanzia Poland katika karne ya 18. Tena, orodha itumikayo leo ilipitishwa mwaka 1912 na chama cha wauza vito wa Marekani, na ni wafanyabiashara wa vito wa nchi hiyo hiyo walioiongeza tanzanaiti mwaka 2002. Palipodhaniwa pana mizimu ya kale, kumbe pana mkutano wa wenye maduka.

Je, mila iliyotengenezwa na wachuuzi ni mila ya uongo? Wengi wangejibu upesi kwamba ndiyo. Lakini kabla hatujamcheka jirani, yatupasa tutazame nyumbani kwetu. Katika karne ya 19 wanawake wa mwambao waliunganisha leso zilizoletwa na wafanyabiashara, na humo ikazaliwa kanga. Kwa miaka mingi kanga zetu zilichapwa India, Ulaya na Japani, na waliozichapa walitafuta faida. Shanga za kioo zinazowapamba Wamasai nazo zilitoka katika viwanda vya Ulaya. Hata hivyo hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba kanga si ya Waswahili, wala kwamba shanga si za Wamasai. Mama zetu waliichukua bidhaa wakaipa maneno: wakamfunga nayo mwali, wakambebea mtoto, wakamtumia jirani ujumbe ambao kinywa kiliona haya kuutamka. Mila hupata uhai wake kwa wale wanaoiishi, hata kama mbegu yake ilitoka dukani.

Basi hatuwezi kuihukumu desturi ya mawe ya miezi kwa ajili ya chimbuko lake tu. Mume wa Chicago anayemvika mkewe pete ya tanzanaiti aweza kuwa na pendo la kweli, na pendo hilo halipungui kwa kuwa orodha ilipitishwa mkutanoni. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kipimo cha zawadi ni moyo wa mpaji.

Lakini je, moyo huo watosha? Katika kila zawadi wamo watu watatu. Wawili twawaona: mpaji na mpewa. Wa tatu ni yule aliyevuja jasho ili kitu hicho kiwepo, naye aghalabu husahauliwa. Hadithi za heri na bahati zina hatari hiyo: hulifanya jiwe lionekane kana kwamba limeshuka kutoka katika nyota.

Tutazame tanzanaiti yenyewe. Iligunduliwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jiwe hilo jina la nchi yetu na kulitangaza. Twasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hiki kilitafutiwa jina, na baadaye kikatafutiwa mwezi, ndipo wanunuzi wakazidi kukijua. Aghalabu jiwe hutoka ardhini likiwa na rangi ya kahawia, na ni moto wa fundi unaolipa ile buluu inayosifiwa. Mwaka 1998 mvua kubwa ilifurika katika mashimo ya Mererani, na makumi ya wachimbaji wakafa humo. Mwaka 2008 msiba wa namna hiyo ukarudi tena. Mzee Jumanne Ngoma, anayetambuliwa na Serikali yetu kuwa mgunduzi wa jiwe hilo, alitunukiwa fedha hadharani na Rais John Magufuli mwaka 2018, miaka 51 baada ya ugunduzi. Jiwe lilikuwa limekwisha kupewa mwezi wake miaka mingi kabla mtu huyo hajapewa tuzo hiyo.

Hapa ndipo lilipo deni la zawadi. Mpaji asiyejua hana hatia ya kutojua. Lakini anayejua, kisha akachagua kunyamaza, ameipunguza zawadi yake. Nasi tusidhani kwamba deni hili ni la wageni peke yao. Tunapomtunza bibi harusi doti ya kanga, ni wangapi wetu humkumbuka mkulima wa pamba wa Shinyanga, au mfanyakazi aliyesimama usiku kucha kwenye mtambo? Tukiijivunia tanzanaiti kwa sababu tu imeingia katika orodha ya Marekani, tutakuwa tumeazima macho ya wengine kulitazama jiwe letu.

Mwalimu anayefundisha habari za vito na afundishe pia habari za mashimo. Na kijana atakayetoa zawadi kesho, iwe pete au kanga, aweza kumwambia mpewa maneno machache: kitu hiki kimetoka mahali fulani, na kimepita katika mikono ya watu fulani. Maneno hayo hayana bei dukani, na zawadi itakuwa nzito zaidi kwa kuyabeba.