KIJANA, LEO USIKU UNAKODI NINI?



Huenda karatasi hii umepewa njiani ukiwa na haraka zako. Usiitupe kwanza. Haikuulizi dini yako, wala haikuombi sadaka. Ina swali moja tu, tena la mfukoni: hilo buku ulilolitenga kwa ajili ya picha ya leo usiku, ni nani aliyeamua litumike kwa picha gani?

Utasema, "Ni mimi mwenyewe." Je, ni kweli?

Hebu tukumbushane. Unafika kibandani. Kijana wa pale ana kompyuta, ukutani amebandika makava, spika inalia mpaka barabarani. Wewe umeshika flashi mkononi na hujui unataka nini. Unauliza, "Kuna mpya gani?" Naye anakujibu bila hata kukutazama, "Chukua hii, imetoka juzi, kali kinoma, kila mtu anaichukua." Basi. Anaingiza, unalipa, unaondoka. Rafiki yangu, hapo hukuchagua. Umechaguliwa na mtu asiyejua unalala na nani chumba kimoja, wala kesho utaamka na mzigo gani kichwani.

Najua mchezo huo vizuri, kwa sababu kijana wa kibandani nilikuwa mimi.

DAFTARI LA KANDA

Ilikuwa Singida mjini, mwaka 1996. Flashi hazikuwepo. Kulikuwa na kanda za VHS, zile nyeusi, kubwa kama tofali dogo, na deki ya kuzichezesha. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, tena vilianzia Dar es Salaam. Sisi tulikuwa na upepo, mawe, ziwa Singidani na redio. Kwa hiyo video ilipofika ilipokelewa kama mgeni wa heshima. Mchana tulikodisha kanda kwa wenye deki nyumbani. Jioni tulionyesha picha bandani kwa kiingilio. Mwenye mali alinikabidhi daftari: jina la mtu, jina la kanda, siku ya kurudisha.

Daftari lile lilinifundisha jambo moja. Watu hawakukodi picha nzuri, walikodi kava zuri. Mtu alirudisha kanda asubuhi akilalamika, "Humu hamna kitu, bwana," na kabla ya adhuhuri mwenzake ameichukua ile ile kwa sababu kava lilikuwa na bunduki na moto nyuma yake. Nami nilinyamaza. Nililipwa kukodisha, sikulipwa kushauri.

Chukua mfano wa Rambo. Nani hakumjua Rambo? Ile ya kwanza, ya mwaka 1982, ni habari ya askari aliyerudi kutoka vitani Vietnam akakuta nyumbani hakuna anayemtaka. Mwisho wa picha steringi anaketi chini na kulia kama mtoto, anaeleza jinsi rafiki yake alivyokufa mikononi mwake. Unajua vijana wa banda letu walifanya nini ikifika hapo? Walipiga kelele, "Peleka mbele! Steringi halii!" Nami nilibonyeza kitufe nikapeleka mbele. Miezi mingi nimeonyesha picha ile na karibu hakuna aliyeiona mwisho wake. Tulitaka risasi tu. Ile sehemu iliyokuwa na ukweli wa kumfaa kijana, hasa yule ambaye baba yake alirudi kutoka vita vya Uganda na hakusema neno, tuliiruka.

Wapendwa wengine watanishangaa kusifu picha ya Rambo kwenye karatasi ya Injili. Waache washangae. Mimi sisemi kila picha ni ya shetani. Filamu ya Yesu iliyotengenezwa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka imezungushwa vijijini kwa jenereta na shuka jeupe, na wako watu waliomjua Bwana kwa njia hiyo. Kama kioo kinaweza kubeba habari hiyo, basi kioo chenyewe si mchawi.

Ila kuna mtego mwingine, nao umevaa nguo za kanisani. Mwaka 1992 Nigeria ilitoa Living in Bondage, habari ya mume aliyemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, na mzimu wa mke ukamfuata mpaka akachanganyikiwa. Picha ile ilikuwa na uzito, ilionyesha gharama. Baada yake zikamiminika nyingine chungu nzima: saa moja na nusu ya uganga, majumba na magari, halafu dakika kumi za mwisho anaingia mchungaji na kukemea. Wazazi wakasikia "Haleluya" kutoka sebuleni wakaridhika. Mimi nimesimama mlangoni nikiwasikiliza wanaotoka. Walizungumzia magari. Sikumbuki hata mmoja aliyezungumzia maombi. Kwa hiyo usiipime picha kwa dakika zake kumi za mwisho. Ipime kwa kile ulichofurahia katikati.

Na zetu za Bongo? Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, mwaka 2006 alitoka kwenye Dar 2 Lagos akiigiza pamoja na Wanigeria, na alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, watu walifurika viwanja vya Leaders kumwaga. Usidharau picha za kwetu. Zina faida moja ambayo ya Marekani haina: ikikudanganya utaijua. Ukimwona mwanafunzi wa sekondari anayeishi kwenye ghorofa na hakuna anayefanya kazi humo ndani, unacheka, unasema "huu uongo." Ukiona uongo huo huo kwa Kiingereza unauamini, unaanza kuichukia nyumba ya mama yako.

JICHO KWENYE BATI

Sasa nataka nikwambie kwa nini naandika haya.

Ilikuwa mwezi wa saba, unajua baridi na upepo wa Singida mwezi huo. Ikifika saa nne usiku tulikuwa na desturi ya kuwatoa watoto, kufunga mlango, na kuweka ile tuliyoiita picha ya wakubwa. Sitakueleza ilikuwa na nini, unaelewa. Ukuta wa banda ulikuwa wa mabati yaliyokwisha kutumika, yana matundu ya misumari. Mwanga wa kioo ulipocheza ukutani nikaona jicho kwenye tundu moja. Jicho la mtoto. Nikachukua fimbo nikalipiga bati kwa nguvu, "Ondokeni, wajinga nyie!" Nikasikia miguu ikikimbia. Wateja wakacheka. Nami nikacheka.

Nilifika nyumbani saa saba. Mlango wazi, kitanda cha mama kitupu. Jirani akaniambia pumu ilimbana mama tangu saa tatu, wamempeleka hospitali kwa baiskeli, na kwamba mdogo wangu alitumwa kuniita. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa. Nilimkuta amejikunyata nyuma ya mtungi. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuja kuniita?" Akasema hakuniona. Nikamchapa. Nilimchapa sana, kwa sababu nilikuwa na hofu juu ya mama na sikujua pa kuipeleka.

Mama alipona, Mungu ni mwema. Alirudi baada ya siku nne. Mimi mwaka 1998 nikaokoka, nikaacha kibanda, nikawa nasimama mbele za watu kushuhudia. Nilikuwa na sentensi moja niliyoipenda: "Ndugu zangu, nilionyesha picha chafu, lakini namshukuru Mungu sikumdhuru mtu." Nimeisema mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mwaka 2007 mdogo wangu, mtu mzima sasa, alinisikia nikiisema. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniambia taratibu, "Kaka, lile jicho lilikuwa langu. Nilifika. Nilichungulia nione kama umo, nikaona mlichokuwa mnaangalia, nikasahau nilichotumwa. Ulipopiga bati nikaogopa. Nimekuwa nikilala na ile picha na kikohozi cha mama pamoja mpaka leo."

Sikuwa na neno. Sentensi ile sijaisema tena.

Kijana, usiniambie "naangalia peke yangu, simsumbui mtu." Simu yako unaiacha kwenye mto mdogo wako akiwa macho. Flashi yako unamwazima rafiki bila kukumbuka kilichomo. Kila banda lina tundu.

DAUDI JUU YA DARI

Soma Samweli wa Pili, sura ya 11. Daudi alikuwa mfalme na mtu wa maombi. Jeshi lake liko vitani, yeye amebaki nyumbani, ameamka jioni, anatembea juu ya dari la nyumba. Hakuwa na mpango mbaya. Alikuwa hana la kufanya, kama wewe siku ya Jumamosi. Akaona. Kuona hakukuwa kosa lake, lakini kuendelea kutazama alichagua, na kabla habari haijaisha kuna mwanamke aliyeharibiwa ndoa yake, askari mwaminifu aliyeuawa, na mtoto aliyekufa.

Ayubu alikuwa na akili nyingine. Yeye aliwekeana masharti na macho yake mapema, kabla jaribu halijapita njiani (Ayubu 31). Mapema! Ndiyo siri yote. Ukifika kibandani hujaamua, utaamuliwa.

Kwa hiyo amua nyumbani, na uliza kwa akili. Usimuulize aliyeiona, "Ni kali?" Muulize, "Inahusu nini?" Akishindwa kukueleza habari yake kwa maneno machache, haina habari, ina makofi tu. Mwambie kijana wa kibandani akufungulie dakika tano za katikati. Usikubali za mwanzo. Mwanzo kila picha imevaa suti. Akikuambia imetoka juzi, jua kwamba nyingi za juzi zimerekodiwa kwa kamera ndani ya jumba la sinema huko nje. Utaona vichwa vya watu vikipita na kusikia wakikohoa. Subiri mwezi mmoja, haitaoza. Ukikodi ya Bongo, uliza kama habari inaisha, maana nyingi zilikatwa vipande viwili ili ulipe mara mbili.

Sikiliza na mtafsiri pia. Tangu enzi za Lufufu tunapenda picha iliyotiwa Kiswahili, kama Wakenya wanavyompenda DJ Afro, na kwa kweli wana kipaji. Lakini wapo wanaochukua picha ya heshima na kuitia matusi ambayo mwenyewe hakuyasema.

Serikali nayo imefanya sehemu yake. Sheria ya filamu ipo tangu mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hukagua na kupanga umri wa watazamaji. Ila picha ikishaingia kwenye flashi, kava na alama ya umri vimebaki nyuma. Mlinzi uliyebaki ni wewe.

Halafu hesabu saa. Tamthilia ya 24, iliyowakesha vijana wa nchi hii, ina vipindi 24 kwa msimu mmoja, kila kimoja zaidi ya dakika 40. Hizo ni saa 16 na ushee, siku mbili za palizi ya alizeti. Sikukatazi. Nasema tu ujue bei, maana buku ndiyo sehemu ndogo kabisa ya bei hiyo.

Na kipimo cha mwisho hakihitaji elimu. Mama akikohoa mlangoni, mkono wako unakwenda kwenye kitufe cha kuzima, au unamwambia, "Karibu mama, kaa tuangalie"?

Labda unasoma hapa na tayari kuna picha kichwani ambayo huwezi kuizima. Umejaribu. Unalala nayo. Hiyo haifutwi kwa kuchoma flashi, nami sikuweza kuifuta kwa mdogo wangu kwa kumwomba msamaha, ingawa nilimwomba. Yupo aliyewagusa vipofu wakaona. Anaweza kugusa na jicho lililoona mengi mno. Ukitaka, sema naye hapo ulipo, huhitaji kupiga magoti barabarani:

"Bwana Yesu, umeona niliyoyaona. Sina cha kukuficha. Nisamehe mimi, na uwaponye walioona kwa sababu yangu. Chukua macho haya yawe yako kuanzia leo, unifundishe kuchagua. Amina."

Kama bado una hamu ya picha leo usiku, nenda. Uliza inahusu nini. Na ukipita nyuma ya banda ukawakuta watoto kwenye matundu, usipige bati. Waulize wametumwa nini, na na nani.