Sharti la Mweka Wakfu

Mwaka 1932 Lady Barber alianzisha amana ya sanaa na muziki katika Chuo Kikuu cha Birmingham, akasharutisha kwamba kazi zitakazonunuliwa zisivuke karne ya 19. Baadaye wadhamini walililegeza sharti hilo. Pwani kwetu huo ni wakfu, na mafakihi hulichukulia sharti la mweka wakfu kwa uzito mkubwa.

Je, fedha iliyotengwa kwa utafiti wa makasri ya wafalme wa Ulaya yaweza kumgharimia msomi wa historia ya Mombasa? Naona yaweza, wala sharti halivunjwi. Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani, alilelewa Goa, makao ya naibu wa mfalme wa Ureno, baada ya baba yake kuuawa. Akabatizwa Dom Jerónimo, akarudi kutawala Mombasa. Mwaka 1631 akaasi. Kumwondoa katika historia ya makasri hayo kwa kuwa ni Mwafrika ni kuipunguza Ulaya yenyewe.

Wapo watakaohofu kwamba leo ni Mombasa, kesho ni kila kitu. Hofu yao ina haki, maana sharti lisilo mpaka si sharti. Mpaka basi na uwe kiapo, cheo na mavazi ya heshima. Anayemtafiti mtu aliyewauzia Wareno pembe za ndovu tu, atafute mfadhili mwingine.