MWEZI WA MATOFALI, AU JIRANI YETU NI NANI?



Habari za watu wakaao angani si ngeni tena kwetu. Tangu tarehe 2 Novemba 2000 wamekuwapo watu daima katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, wakipokezana zamu kama walinzi wa usiku. Baadhi yetu tumekiona kikipita juu ya paa zetu baada ya jua kutua, kama nyota iendayo haraka. Lakini safari hii twataka kuzungumza nanyi juu ya kituo kingine, ambacho hakikujengwa kamwe isipokuwa katika hadithi. Tumekichagua kwa sababu aliyekibuni alikuwa mchungaji, na kwa sababu mwishoni mwa hadithi yake aliuliza swali linalotuhusu sisi sote katika parishi hii.

Mchungaji huyo aliitwa Edward Everett Hale, wa mji wa Boston, Marekani. Hakuwa Mwanglikana, bali alikuwa wa kanisa la Waunitari. Hadithi yake, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita "Mwezi wa Matofali", ilianza kutolewa katika gazeti la The Atlantic Monthly mwaka 1869. Wakati huo hapakuwa na ndege, wala redio. Hata hivyo wengi wanaihesabu kuwa hadithi ya kwanza iliyoeleza chombo kilichotengenezwa na watu, kikawekwa juu kuizunguka dunia.

Je, chombo hicho kilikuwa cha kazi gani? Kilikuwa cha kuwasaidia mabaharia. Mtu aliye katikati ya bahari ana mambo mawili ya kujua: yuko umbali gani kaskazini au kusini, na yuko umbali gani mashariki au magharibi. La kwanza si gumu sana. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, Nyota ya Kaskazini husimama mahali pamoja, na kimo chake juu ya upeo wa bahari humwambia baharia alipo. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikipima kimo hicho tangu zamani kwa kipande cha ubao na uzi wenye mafundo.

La pili ndilo lililowasumbua watu kwa karne nyingi na kuvunja merikebu nyingi miambani. Dunia inazunguka, na kila saa moja ni nyuzi 15. Kwa hiyo ili kujua umekwenda mbali gani mashariki au magharibi, yakupasa kujua ni saa ngapi kule ulikotoka. Bunge la Uingereza liliahidi zawadi kubwa mwaka 1714 kwa atakayepata njia, na fundi John Harrison akatengeneza saa ya baharini iliyojaribiwa katika safari ya kwenda Jamaica mwaka 1761. Lakini saa za namna hiyo zilikuwa za bei kubwa, na baharia maskini hakuweza kuzipata.

Basi vijana katika hadithi ya Hale wakawaza hivi: ikiwa tumepewa nyota ya kutuonyesha kaskazini, kwa nini sisi wenyewe tusitundike nyingine ya kutuonyesha mashariki na magharibi, ili kila maskini aliye baharini ainue macho tu aone?

Wakafanya hesabu. Mwezi wao ungekuwa mviringo, upana wake futi 200, yaani kama mita 60, nao ungekwenda juu maili 4,000, ukipita juu ya ncha za dunia kwa kuufuata mstari wa Greenwich. Ungejengwa kwa matofali, kwa maana chuma kingeyeyuka kwa joto la kukata hewa kwa kasi, bali tofali limekwisha kupita motoni. Ndani ungekuwa mtupu, wenye vyumba vya mviringo vilivyoegemeana kama matao ya kanisa, ili uwe mwepesi lakini wenye nguvu. Kuurusha kulihitaji magurudumu mawili makubwa mno, yaliyozungushwa kwa nguvu za maji. Mwezi ungeteremshwa taratibu hadi uyaguse magurudumu hayo, nayo yangeutupa mbinguni. Watu wakachangishwa fedha, kama tunavyochangishana sisi tukitaka kuezeka kanisa.

Yafaa tuseme wazi kwamba mpango huo usingefaa. Mwezi upitao juu ya ncha za dunia haukai juu ya mstari mmoja, kwa sababu dunia huendelea kuzunguka chini yake. Nia ya vijana wale ilikuwa njema kabisa, lakini hesabu yao ilikuwa na kosa. Hata hivyo hatuwacheki. Setilaiti ya kwanza ya kuongoza meli ilirushwa mwaka 1960, na leo zipo zaidi ya ishirini za mpango wa Marekani peke yake, zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi na kutuma saa sahihi kwa kila mwenye kipokezi. Mpango huo ulianzishwa kwa ajili ya majeshi, lakini sasa mvuvi aweza kurudi pwani usiku kwa msaada wake, hata akiwa na simu ndogo tu mfukoni. Alilolitamani mchungaji yule limetimia, ingawa kwa njia nyingine.

Lakini turudi kwenye hadithi, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapoanza. Majira ya baridi yalipofika, kazi ilikuwa karibu kumalizika. Vyumba vya ndani ya mwezi vilikuwa vizuri na vyenye joto, kuliko vibanda vya msituni walimokuwa wakilala wajenzi. Basi baadhi yao wakahamia humo pamoja na wake zao na watoto. Usiku mmoja ardhi iliyouzuia mwezi ikalegea. Mwezi ukateleza, ukayagusa magurudumu, ukatupwa juu kabla ya wakati wake. Ndani yake mlikuwa na watu 37.

Rafiki zao waliobaki chini walikaa muda mrefu pasipo kujua yaliyowapata. Hatimaye mwezi ukaonekana kwa darubini, na juu yake watu wadogo sana wakirukaruka. Kumbe walikuwa wakiruka kwa kipimo, mruko mrefu na mruko mfupi, kama herufi za simu ya upepo, ili wasomwe kutoka duniani. Wakajibiwa kwa herufi kubwa za kitambaa cheusi zilizotandazwa ardhini. Ndipo ikajulikana ya kuwa wote ni wazima, wamelima, wamevuna, nao wanaishi kwa furaha na amani.

Mwisho wa hadithi msimulizi anajiuliza: je, yawezekana kwamba mtu hahitaji zaidi ya hayo? Je, yatosha kuishi kwa moyo wote pamoja na watu thelathini au arobaini walio karibu nasi, bila kusumbuliwa na mambo ya dunia nzima?

Swali hili si la mchezo. Wengi wetu tumechoka. Kila asubuhi redio na simu zatuletea vita vya nchi tusizozijua, mafuriko, njaa, na wakimbizi. Moyo wa mtu mmoja hauwezi kuyachukua yote. Ndiyo maana wako ndugu wasemao, "Tuangalie ya kwetu kwanza. Tuna wajane wetu, tuna mayatima wetu, na paa letu linavuja." Wengine nao husema, "Kanisa lisilotazama nje limekufa." Tumeyasikia maneno haya mawili katika vikao vyetu, na mara nyingine yametutenga.

Sisi twaona kwamba hadithi hii yawajibu wote wawili, ingawa mwenye hadithi hakumalizia hivyo.

Tuanze na wale wapendao mambo ya mbali. Vijana waliobuni mwezi walimwona baharia aliye maelfu ya maili, wakamhurumia. Lakini hawakuwa na hadhari ya kutosha juu ya watu waliolala ndani ya matofali yao wenyewe. Watu hao hawakuchagua kurushwa. Waliingia mle kwa sababu ya baridi tu. Mpango uliokusudiwa kumwokoa mgeni uliwachukua wenyeji, na katika maisha halisi wangekufa wote kwa kukosa hewa. Nasi pia twaweza kufanya hivyo. Twaweza kukusanya mchango kwa ajili ya wenye shida wa mbali, na mlinzi wa kanisa hajalipwa miezi miwili. Twaweza kuandaa mkutano mkubwa wa uinjilisti, na akina mama wakapika tangu alfajiri hadi usiku, wasiulizwe hata mara moja kama wamekula. Huruma ya namna hiyo ina kasoro. Kabla ya kurusha chochote, ni lazima kwanza tuhesabu ni nani amelala ndani.

Sasa tuwajie wale wapendao ya karibu tu. Watu 37 waliishi vizuri huko juu, hatukatai. Walijuana kwa majina, hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyesahauliwa. Ni picha ya kupendeza, na parishi yoyote ingetamani kuwa hivyo. Lakini je, baharia yuko wapi? Mwezi ule ulichangiwa kwa ajili yake. Usiku ule ule waliokuwa juu wakivuna bustani yao, yeye alikuwa bado gizani, asijue kama mbele yake kuna bandari au kuna mwamba. Ile taa yake imegeuka kuwa nyumba ya watu wengine. Hatuwalaumu hao watu, kwani ilikuwa ajali. Bali sisi tukijifungia katika undugu wetu mzuri, haitakuwa ajali.

Tena tuangalie jambo moja dogo. Hao watu wenye furaha, wasiopungukiwa kitu, walifanya nini siku zile kabla hawajajulikana waliko? Waliruka. Walijichosha kuruka, mrefu na mfupi, mrefu na mfupi, wakitumaini kwamba kuna mtu chini atakayewasoma. Kama watu arobaini wangetosha, wasingejisumbua hivyo. Na wale wa chini nao wasingetandaza vitambaa vyao vyeusi.

Basi jirani yetu ni nani? Bwana wetu alipoulizwa hivyo alijibu kwa habari za Msamaria, nanyi mwazijua. Msamaria yule hakuwa nyumbani kwake, alikuwa njiani. Aliyelala barabarani alikuwa mgeni kwake kwa kabila, lakini alikuwa karibu naye kwa hatua chache. Mbali na karibu vilikutana mahali pamoja. Hatuoni kwamba tumepewa ruhusa ya kuchagua kimoja na kuacha kingine.

Twapendekeza basi kwamba katika kikao kijacho, tutakapogawa sadaka na michango ya mwaka, tusishindane tena juu ya walio karibu na walio mbali. Na tujiulize maswali mawili kwa utaratibu. La kwanza: katika kazi hii tunayotaka kuifanya, ni nani wa kwetu atakayebeba mzigo bila kuulizwa? La pili: ni nani asiye wa kwetu, anayengoja mwanga wa kazi hii? Kazi isiyoweza kujibu swali la kwanza, tuiahirishe mpaka iweze. Kazi isiyo na jibu la pili, tuifikirie tena kama kweli ni kazi ya Kanisa, au ni starehe yetu tu.

Na mkikiona tena kile kituo cha kweli kikipita juu jioni, wakumbukeni katika sala wale wachache walio ndani yake. Wakumbukeni pia wavuvi walioko baharini saa ile ile. Wote wanahitaji kufika nyumbani.