Mama Hakumbukwi kwa Pilau



Ndugu yetu mmoja alitujia darasani baada ya sala ya Magharibi na huzuni imemtanda usoni. Mamake amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na siku ya arubaini imekaribia. Jamaa wamekwisha kuandika hesabu ya mchele, mbuzi, samli na bizari, na yeye ni mtu wa mshahara mdogo. Mwenye duka ambaye marehemu alikuwa akichukua vitu kwake bado anadai fedha zake, lakini jamaa wasema deni litangoja, hitima haingoji. Alipojaribu kukataa aliambiwa kuwa amemtupa mamake. Basi akatuuliza: je, akope afanye karamu, au akubali kuitwa mwana asiye na kheri?

Swali hili si la mtu mmoja. Ni swali la miji yetu yote ya pwani, na wengi hulificha kwa haya. Kwa hivyo tumeona bora tulijibu hapa, na kabla ya kutaja hukumu, tueleze maisha ya mama mmoja katika mama wa Kiislamu, ili tupate kujua mama mwema hukumbukwa kwa nini.

Mama huyo ni Bibi Asmaa binti Abubakar Siddiq, dadake Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awawie radhi wote. Sote twamjua kwa usiku wa Hijra, mwaka 622, alipoukata mshipi wake vipande viwili afungie chakula cha Mtume na cha babake, akapewa jina la Mwenye Mishipi Miwili. Lakini yako mengine ambayo wengi wetu hatukuyasikia. Babake alipotoka Makka alichukua mali yake yote. Babu yake Abu Quhafa, mzee aliyekuwa kipofu, akaja nyumbani akiwa na wasiwasi kuwa watoto wameachwa mikono mitupu. Bibi Asmaa akatia mawe katika kidaka cha ukutani pale pale babake alipokuwa akiweka fedha, akayafunika kwa nguo, kisha akaushika mkono wa mzee akauweka juu yake. Mzee akatulia. Nyumbani hamkuwa na kitu, lakini hakutaka moyo wa babu yake upate dhiki.

Huko Madina alikuwa mke wa Zubeir bin Awwam, naye wakati huo hakuwa na mali ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Bibi Asmaa mwenyewe ndiye aliyekuwa akimlisha yule farasi, akiteka maji, akikanda unga, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba lililokuwa mbali na mji. Binti wa Abubakar, mtu mkubwa wa Makureshi, alifanya kazi hizo kwa mikono yake, hata babake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi, alijiona kama aliyeachwa huru.

Mamake mzazi, Qutaila, hakuwa amesilimu. Wakati wa mkataba wa Hudaibiya, alikuja Madina kumtazama bintiye akitaraji wema wake. Bibi Asmaa hakujua la kufanya, akaenda kumuuliza Mtume, na Mtume akamwamrisha amuunge mamake. Tizameni, ndugu zetu! Ikiwa mama mshirikina ana haki ya kuungwa, ni ipi haki ya mama Muislamu aliyetufundisha kusema Bismillahi tungali wachanga? Na ni udhuru gani alio nao kijana wetu ambaye hupita mlango wa mamake kila siku kwenda barazani, asiingie kumuuliza kama amekula?

Huyu ndiye mama aliyemlea Abdillahi bin Zubeir, mtoto wa kwanza kuzaliwa Madina katika nyumba za Muhajirina, na Urwa bin Zubeir, mmoja katika wanazuoni saba wakubwa wa Madina. Na alipokuwa bibi hakukaa akangoja kuhudumiwa. Mjukuu wake Fatma binti Mundhir alikaa miguuni pake akajifunza. Kwake yeye ndiko tulikopata khabari ya sala ya kupatwa kwa jua aliyoisali Mtume, na hukumu ya nguo ya mwanamke iliyoingia damu. Amepokea pia kuwa bibi yake alipoletewa mwanamke mwenye homa alikuwa akimwombea dua na kummiminia maji kifuani. Fatma aliolewa na binamu yake Hisham bin Urwa, naye Hisham akamsomesha Imam Malik. Elimu hiyo ilitoka katika kinywa cha bibi kizee, ikaingia katika sikio la mjukuu, ikafika katika vitabu tunavyovisoma leo. Basi wajukuu zetu wanapokea nini kwa bibi zao, nasi tumewaacha bibi hao peke yao vyumbani?

Na katika aliyoyapokea mjukuu huyo ni kuwa Mtume alimkataza Bibi Asmaa asiifunge mikoba ya mali akaizuia sadaka, Mwenyezi Mungu naye asije akamzuilia yake. Akaishika amri hiyo maisha yake yote. Mwanawe Abdillahi ameshuhudia kuwa mamake alikuwa haweki kitu cha kesho.

Mwaka 73 wa Hijra, yaani 692, Hajjaj aliizunguka Makka kwa jeshi. Abdillahi, watu wamemkimbia, alikwenda kwa mamake kutaka shauri. Bibi Asmaa alikuwa amefika umri wa karibu miaka mia, na macho yamekwisha nuru. Hakumshika nguo akamlilia abaki. Alimwambia ikiwa anajua yuko katika haki basi asimame nayo, kwani wenzake wamekwisha kufa juu yake. Mwanawe akauawa, mwili wake ukatundikwa. Hajjaj akamwita yule mama, akakataa kwenda. Hata akaja yeye mwenyewe, naye akamkabili kwa neno la haki bila ya hofu. Hazikupita siku nyingi naye akafariki.

Sasa sikilizeni wasia wake, kwani hapa ndipo lilipo jibu la ndugu yetu. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwa njia ya Hisham, mjukuu wake, kuwa aliwausia watu wake wazifukize nguo zake akifa, kisha wampake manukato ya maiti, wasiyanyunyize juu ya sanda, wala wasilifuate jeneza lake kwa moto. Mama aliyeishi miaka mia, binti wa khalifa, hakuusia karamu. Aliusia lililo jepesi, na akakataza lisilo na maana.

Basi twasema hivi. Chakula cha msiba hupikwa na majirani wapelekewe wafiwa, kama Mtume alivyoamrisha watu wa Jaafar wapikiwe aliposhahidi Mu'ta mwaka wa 8 wa Hijra. Sisi tumeligeuza jambo: aliyefiwa ndiye mpishi, na majirani ndio walaji. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza katika Al-Majmuu kuwa wafiwa kutengeneza chakula na kukusanya watu ni uzushi usiopendeza. Na ikiwa gharama yatoka katika mali ya mayatima, hiyo ni haramu.

Ama deni, Mwenyezi Mungu amelitanguliza mbele ya urithi katika Sura ya Nisaa. Na Mtume alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolichukua juu yake. Vipi basi mwana alipe nyama ya walio hai, na mamake amefungika na deni kaburini?

Ndugu yetu akitaka kumfanyia mamake wema, na alilipe deni la duka kwanza. Kisha amwombee kila baada ya sala. Akijaaliwa cha ziada, atoe sadaka kwa niaba yake, japo ndoo ya maji msikitini, kama Saad bin Ubada alivyotoa shamba lake kwa ajili ya mamake. Na awatembelee mashoga wa mamake na jamaa zake. Watu wakisema amemtupa, na waseme. Aliyemtupa mamake ni yule aliyemwacha na njaa akiwa hai, akaja kumchinjia mbuzi akiwa maiti.

Nanyi ambao mama zenu wangali hai, mlango wenu wa Pepo haujafungwa. Ingieni leo.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tungali wadogo, na utujaalie tuwe wana wenye kuwafaa wakiwa hai na wakiwa wamekufa. Amin.